Vitz ya zamani, geji ya temperecha na mlima Kitonga

Toyota Vitz za kwanza, hizi zilizotoka kiwandani kati ya 1999 na 2005, hazina mshale wa temperecha. Zina taa mbili basi. Asubuhi ukiwasha inawaka ya bluu, maana yake injini bado ya baridi, ukienda kidogo inazima, na tangu hapo gari haisemi kitu tena kuhusu joto lake mpaka siku iwake ile nyekundu. Kati ya bluu kuzima na nyekundu kuwaka kuna nyuzi 50 na zaidi ambazo we dereva huzioni kabisa, na humo humo ndo matatizo yote yanapoanzia, feni imechoka, rejeta imeziba, mpira unavuja taratibu, kifuniko cha rejeta hakishiki presha. Mwenye mshale anayaona yanakuja. Mwenye taa anaambiwa yakishafika.

Sisemi Toyota walikosea. Ile gari ilitengenezwa kwa mtu wa mjini Japan, kulanti (maji maalum ya kupozea injini) safi ndani, na sheria ya kwao inamlazimisha mwenye gari aipeleke ukaguzi baada ya miaka 3 ya mwanzo halafu kila baada ya miaka 2. Kwa mtu huyo taa mbili zinatosha. Sasa gari hiyo hiyo ikishapanda meli ikashuka bandarini Dar ina miaka yake kumi na kitu inaanza maisha mengine kabisa, mmiliki wa kwanza anaongezea maji ya bomba, wa pili anaongezea maji ya kisima na visima vingi vya Dar ni vya chumvi, wa tatu anaambiwa na fundi atoe termostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, kwa sababu "Dar joto", na ikifika kwako wewe wa nne hakuna anayejua ndani ya rejeta kuna nini. Taa bado ni zile zile mbili.

Mi nakaa Dar ila nyumbani ni Iringa, na anayeijua barabara hiyo anajua naongelea nini. Dar mpaka Chalinze tambarare, Morogoro, Mikumi unapita hifadhini polepole huku unaangalia tembo na twiga, halafu unashuka kwenye mibuyu mpaka Ruaha Mbuyuni ambapo joto linakupiga usoni ukishusha kioo. Hapo watu wananunua vitunguu, na wengi hawajui kwamba hapo ndo mahali pazuri pa kufungua boneti na kuangalia maji, maana mbele kidogo unaanza Kitonga. Kitonga ni kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili bonde. Mbele yako kuna semi inaenda Tunduma imebeba mzigo inapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kuipita haiwezekani, kwa hiyo na wewe unapanda kwa mwendo huo huo, injini inafanya kazi kubwa kuliko wakati wowote wa safari na upepo wa kupoza rejeta haupo. Injini ya Vitz ndogo ni lita 1 tu, na ndani kuna watu wanne na mabegi.

Shemeji yangu alipoteza injini pale. Taa nyekundu iliwaka akiwa katikati ya kona, akaanza kutafuta pa kusimama, hakuna, nyuma yake lori, mbele lori, akasema ngoja nifike pale juu pakipanuka kidogo. Hizo dakika chache zilitosha. Gasketi iliungua, silinda hedi ikapinda, gari ikarudi Dar juu ya gari nyingine. Nimelifikiria sana lile tukio na kila mara naishia sehemu moja, shemeji alikua dereva makini, alichokosa ni muda. Kama angeona joto linapanda wakati bado yuko chini angezima AC, angesimama pale kwenye vitunguu dakika ishirini, angechagua mwenyewe wapi asimame. Taa inakuchagulia, na inakuchagulia pabaya.

Ndo nikaamua kufunga geji.

Wa kwanza niliyemwambia akaniuliza kwa nini nisinunue kile kidude cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani kisome kutoka kwenye kompyuta ya injini kipeleke kwenye simu. Kwa gari mpya ni wazo zuri tena la bei ndogo. Shida ni kwamba Vitz nyingi za kizazi hiki zilizotoka soko la ndani la Japan zina soketi inayofanana kabisa na ile ya kawaida lakini lugha wanayoongea ndani ni ya Toyota wenyewe, vile vidude vya bei rahisi vinazunguka vinazunguka haviunganishi. Kajaribu kwanza kwenye gari yako kwa kuazima, ukibahatika kikasoma umeokoa kazi nyingi. Na hata kikisoma simu inakaa wapi, nani anaiangalia Kitonga, betri ikiisha je. Mi nilitaka kitu kinachokaa machoni muda wote.

Geji ziko za aina mbili. Kuna ya makanika, ina kamrija kembamba ka shaba kutoka kwenye geji mpaka kwenye injini, ndani kuna kimiminika kinachotanuka kwa joto na kusukuma mshale. Haihitaji umeme, haidanganywi na waya mbovu, ila ule mrija huwezi kuukata wala kuukunja kwa kona kali na inabidi utoboe tundu kubwa kupitisha kile kichwa chake. Ya pili ni ya umeme, inakuja na sensa yake na waya. Nilichukua ya umeme ya milimita 52, ndo saizi ya kawaida, vikombe vya kufungia vya saizi hiyo unavipata Kariakoo kirahisi. Cha kuangalia ni kwamba geji na sensa viwe vimetoka boksi moja. Sensa ni kipande ambacho ukinzani wake wa umeme unashuka joto likipanda, na kila kampuni ina vipimo vyake, ukichukua geji ya hapa na sensa ya kule mshale utacheza vizuri tu, unapanda na kushuka, ila namba zote za uongo.

Kabla hujafunga pima. Hii kazi ni ya jikoni kabisa, unaunga geji kwenye betri, sensa unaichovya kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa kuishikilia na waya isiguse chini ya sufuria, na mwili wa sensa unaupa waya wa eathi, yaani wa kurudisha umeme kwenye ncha hasi ya betri. Dar tuko usawa wa bahari kwa hiyo maji yanachemka nyuzi 100, mshale usome hapo au karibu sana na hapo. Ukisoma 90 rudisha dukani. Wa Iringa, Arusha, Mbeya hesabu yenu ni tofauti maana kule juu maji yanachemka chini ya 100, Iringa mjini ni kama 95 hivi.

Sensa inakaa wapi, hapa ndo pana mjadala na hapa ndo mafundi wengi wanaharibu. Fundi mmoja alitaka kuunga waya wa geji kwenye sensa iliyopo tayari, ile ya kompyuta ya injini. Nilimkatalia. Ile sensa inaongea na kompyuta kwa volti ndogo sana, ukiipa kazi ya pili ya kuendesha mshale volti inabadilika, kompyuta inaamini injini ni ya baridi au ya moto kuliko ilivyo na inapanga mafuta kwa uongo huo. Utakua umenunua geji ya kulinda injini ukaishia kuiharibu. Geji ipewe sensa yake.

Njia rahisi ni adapta ya alumini inayofungwa kwenye mpira wa juu wa rejeta, ule unaotoa maji ya moto kwenye injini kuyapeleka kupozwa. Unakata mpira, unaweka adapta katikati, klempu mbili huku na huku, sensa inaingia kwa nyuzi zake za skrubu kwenye tundu la adapta. Adapta zinauzwa kwa saizi, 26, 28, 30, 32 na kuendelea mpaka 38, usikubali kukisia, toa mpira upime kipenyo cha ndani kwa rula. Ikiwa kubwa mpira unapasuka polepole, ikiwa ndogo utakaza klempu mpaka iukate mpira na bado itavuja. Na uchague sehemu iliyonyooka ya mpira, sio kwenye kona, na mbali na feni.

Sasa nikae kidogo kwenye eathi kwa sababu ndo moyo wa kazi nzima. Sensa ya waya mmoja inategemea mwili wake wa chuma kurudisha umeme. Ikifungwa kwenye injini moja kwa moja hakuna shida, injini ni chuma na imeungwa na betri. Lakini adapta yetu imekaa katikati ya mpira, mpira huku mpira kule, haijagusa chuma chochote. Usipoipa waya wake wa eathi geji haifanyi kazi, na ukiipa waya mbovu, umefungwa kwenye bolti yenye rangi au kutu, inafanya kazi vibaya kwa namna ya hatari sana. Fikiria, joto likipanda ukinzani wa sensa unashuka na mshale unapanda. Eathi mbovu inaongeza ukinzani. Kwa hiyo mshale unashuka. Yaani kosa la eathi linakuonyesha injini ya baridi kuliko ilivyo, na waya ukikatika kabisa mshale unalala kwenye ubaridi kabisa, wewe unapanda mlima na amani yako moyoni wakati huko mbele maji yanachemka. Makosa mengi ya geji hizi yanaegemea upande wa kukutuliza.

Ndo maana eathi yangu inatoka kwenye skrubu ya adapta, waya mnene, kichwa chake kimelehemiwa, mpaka kwenye bolti ya injini niliyoisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, halafu grisi kidogo juu kuzuia kutu. Ule utepe mweupe wa mafundi bomba usiuzungushe kwa wingi kwenye nyuzi za sensa maana nao unazuia umeme, mzunguko mmoja uache nyuzi za mwanzo wazi. Ukimaliza chukua multimita upime ukinzani kati ya mwili wa sensa na ncha hasi ya betri, inatakiwa isome karibu na sifuri. Fundi akikwambia "haina haja kaka, inatosha" mwambie pole pole fundi wangu tupime tu. Kila nikisafiri naangalia ile bolti kabla sijaangalia matairi.

Waya uliobaki ni kazi nyepesi. Umeme unautoa kwenye laini inayowaka funguo ikiwa imefunguliwa, unaiwekea fyuzi yake ndogo, taa ya geji unaiunga na taa ndogo za gari ili usiku iwake nazo. Waya wa sensa unapita kwenye ule mpira wa ukutani kati ya injini na dashibodi ambao tayari unapitisha waya za kiwandani, usitoboe bati jipya, na kama umelazimika basi weka mpira kwenye tundu maana bati likikwaruza waya mwaka mzima siku moja litaukata, na tumeshaona waya ukikatika mshale unasema nini. Geji yenyewe niliifunga upande wa kulia karibu na nguzo ya kioo kwa sababu dashibodi ya Vitz hii iko katikati ya gari, na mi nilitaka joto nilione bila kugeuza kichwa.

Baada ya kukata mpira lazima utoe hewa. Jaza kulanti polepole, kifuniko wazi, washa injini, weka hita kwenye moto wa mwisho, subiri mpaka termostati ifunguke na mapovu yaishe huku unaongeza, ndo ufunge. Hewa ikibaki ndani inazunguka kama kipande cha kitu kisichopoza na geji itaruka ruka bila sababu. Na kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, hili kila mtu analijua na kila mwaka kuna mtu anaungua uso.

Kuanzia hapo unaanza kuijua gari yako upya. Asubuhi mshale unakaa chini muda mrefu halafu ghafla unapanda, sio ubovu, mpira wa juu haupati maji ya moto mpaka termostati ifunguke na nyingi za Toyota zimegongwa namba 82. Kwenye foleni ya Ubungo inapanda mpaka 95, unasikia feni inawaka, inarudi 88, feni inazima, inapanda tena. Huo mchezo ukiujua vizuri utajua siku feni imechelewa. Watu wanahangaika sana na namba moja, "mwisho ni ngapi kaka, nisizidishe ngapi", mi nadhani swali zuri ni jana barabara hii hii, mwendo huu huu, ilisoma ngapi. Ikiwa kawaida yako Kibaha ni 86 na leo ni 92 kuna kitu kimebadilika hata kama 92 yenyewe haina ubaya wowote.

Kitu cha kwanza geji ilichonifunulia kilikua cha upande wa pili kabisa. Safari ya kwanza ndefu, nimepita Chalinze natembea 90, mshale uko 64. Nikadhani eathi, nikasimama nikapima, eathi safi. Nikajua hakuna termostati humu. Fundi niliyempelekea akafungua, kweli, nyumba tupu.

"Kaka hii waliitoa ili isichemke, mi nakushauri uiache hivi hivi, joto la Dar hili termostati ya nini?"

"Fundi naomba uniwekee mpya tafadhali, injini ipate joto lake."

Akaweka, huku anatikisa kichwa kwa upole. Injini inayotembea nyuzi 64 inadhaniwa na kompyuta kuwa bado inapata moto, inaongezewa mafuta, oili haifiki joto la kukausha unyevu, na yote hayo ulikua unayalipia kila wiki sheli bila kujua. Taa ya bluu ilikua inazima kama kawaida, kwa hiyo kwa macho ya dashibodi gari ilikua nzima.

Halafu kifuniko cha rejeta. Vingi vya Toyota ndogo vimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha kinayoshikilia, na presha ndo inayozuia maji kuchemka. Kifuniko kizima cha 1.1 kinayafanya maji hapa Dar yasichemke mpaka karibu nyuzi 120, kwa hiyo ukiona 100 kwenye geji usiruke dirishani. Lakini kifuniko kikiwa kimelegea hiyo kinga haipo, na ukifika juu Ilula au Iringa ambako maji yanachemka kwenye 95, ile 97 ambayo Dar ilikua ya kawaida sasa ni maji yanayochemka ndani ya injini yako. Geji haikuonyeshi kifuniko, lazima ukijumlishe mwenyewe kichwani. Kabla ya safari ya mlima badilisha, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja humu.

Kitonga sasa napanda hivi. Ruaha Mbuyuni nasimama, naangalia maji kwenye chupa ya akiba na ile bolti ya eathi. Naanza kupanda nikiwa 88. Nyuma ya lori inaenda 93, 96. Ikifika 98 nazima AC na kushusha vioo, gia naweka 2 ili injini izunguke zaidi maana pampu ya maji inazungushwa nayo, mguu nauachia kidogo, lori lina haraka gani na mimi nina haraka gani. Ikigusa 103 nafungua hita kwa moto wote, abiria wananichukia kwa dakika chache lakini hita ni rejeta ya pili na inatoa joto kweli, mara nyingi mshale unatulia hapo hapo. Haijawahi kunilazimisha kusimama, ila najua tayari sehemu zipi barabara inapanuka na naanza kuziangalia nikiwa 100, sio taa ikishawaka.

Limebaki tundu moja kwenye mpango huu na sitaki mtu afunge geji akadhani amemaliza. Sensa inapima maji yanayoigusa. Mpira ukipasuka ghafla maji yote yakamwagika, sensa inabaki kwenye hewa, na hewa haiipi joto kama maji, mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Kwa hiyo mshale ukishuka ghafla mlimani, wakati mguu uko kwenye mafuta na hujabadilisha kitu, usifurahi, hiyo ni mbaya kuliko kupanda, zima injini hapo hapo hata kama ni kwenye kona, washa hazadi, mtume mtu aende nyuma na pembetatu. Kwa ajili hiyo nimeanza kutafuta sensa nyingine, ya kupima kiwango cha maji, ile ya kuelea inayofungwa juu kwenye tanki la rejeta na kupiga king'ora maji yakipungua. Rejeta ya Vitz ina matanki ya plastiki na kuyatoboa sitaki, kwa hiyo nafikiria adapta ya pili kwenye mpira huo huo wa juu, karibu na rejeta, yenye sensa ya kugusa maji. Hapo juu ndo maji yanapopungua kwanza, na king'ora kitalia wakati injini bado ina maji ya kutosha kufika pembeni.